Nafasi Moja ya Mwaka wa Nne

Jumatatu, 3 Machi
Sheffield, mvua siku nzima. Nimeamua! Siishii kwenye shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Nahamia kozi ya miaka minne, ile inayokupa ya kwanza na ya uzamili kwa mkupuo mmoja. Si kwamba naipenda kemia kiasi hicho. Ila kila mwaka ninaobaki chuoni ni mwaka ambao siuzi mazulia dukani kwa Mjomba Desmond, anayenisubiri kwa hamu. Mazulia! Maisha yangu yote!

Tatizo: imebaki nafasi moja. Fergus, ninayeishi naye, anaitaka pia. Fergus hupiga pasi soksi. Mtu wa kuogopwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemchemshia Fergus chai na kuimwagia sifa kozi ya miaka mitatu. Wenzetu watakuwa wanapiga picha na majoho, nikamwambia, wewe bado unaosha chupa za maabara. Akasema eti kumbe siku nyingine na mimi huwa nina akili. Nimemeza hilo.

Jumatano, 5 Machi
Leo maharage juu ya mkate wa kuchoma, na hotuba ndefu. Waajiri wanataka uzoefu, ujana haurudi, na kadhalika. Nilisema vizuri hadi nikakaribia kulia mwenyewe. Fergus kaingia kingi! Haombi tena!

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa Dkt. Pickersgill, mshauri wetu wa masomo, kuchukua nafasi yangu. Akanipa mkono wa pongezi. Fergus alikuwa amemsimulia hoja zangu zote. Akasema hajapata kusikia mwanafunzi akiitetea miaka mitatu kwa busara hivyo, na kwa kuwa ni wazi sote wawili hatuitaki nafasi, jana kampa Bronwen wa darasa letu. Nikamwambia nilikuwa natania. Akacheka sana. Basi, mazulia. Nimelia chooni.

Jumapili, 9 Machi
Mjomba Desmond kaja kula nyama ya kuchoma na viazi. Fergus akazimwaga hoja zangu upya, kwa ufundi zaidi kuliko mimi. Mjomba akasema kijana wa namna hii ndiye wa kumwachia duka. Fergus akasema yuko tayari hata kesho. Wakashikana mikono juu ya sahani yangu!

Sikubali! Duka ni la mjomba wangu, si la mjomba wake. Fergus hatauza hata kipande cha zulia nikiwa hai.

Bahati imenigeukia jioni hii. Bronwen kaghairi, nafasi iko wazi tena. Safi kabisa! Nimeshabandika birika. Namwita Fergus sasa hivi, nimweleze utamu wa miaka minne, aichukue haraka kabla hajatokea mjinga mwingine.