Ombi la Kupima Ini la Kila Bwana Harusi

Kitale,
9 Oktoba 2006

Kwako Mchungaji Wabwile,

Bwana asifiwe.

Kuna sauti moja imekataa kutoka masikioni mwangu: mlio wa mrija mrefu ukivuta busaa ya mwisho chini ya chungu, nyuma ya nyumba ya wakwe zangu watarajiwa kule Bumula. Aliyekuwa kwenye mrija ni Wakoli, mchumba wangu, aliyeapa mbele yako kwamba hajaonja pombe tangu aokoke. Harusi yetu ni Desemba. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Kanisa linadai wachumba walete cheti cha kupimwa Ukimwi. Vyema. Mbona ini limesahauliwa? Ndani ya ini mna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kutoa kipande cha kemikali kwenye molekuli moja na kukipachika kwenye nyingine. Ni kazi ya ndani, na kwa kawaida havitoki kwa wingi. Ini likiumia ndipo vinapovuja na kujaa kwenye damu, kama watu wanaokimbia nyumba inayoungua.

2. Mimi ni mpimaji wa maabara, kwa hiyo nilimwomba Wakoli mkono. "Chukua tu, bana, si hata hiyo damu ni yako." Nikapima. Vimeng'enya vilikuwa mara mbili ya kawaida. Nilipomwonyesha karatasi akasema, "Ati ini? Nilivuta mara moja tu, Nasike! Si mjomba angekasirika nikikataa?" Mjomba mmoja hawezi kuharibu ini kiasi hicho.

3. Naomba basi kipimo hiki kiwe sharti kwa kila bwana harusi. Msimamizi wake pia. Na kamati ya harusi, ambayo hukutana mahali nisipopajua na kurudi ikiimba. Halafu kwaya, hasa sauti ya besi.

4. Wazee wa kanisa wapimwe, na matokeo yabandikwe mlangoni kando ya zamu za kufagia. Wewe uanze, Mchungaji, ili waumini wapate moyo. Chupa yenye jina lako iko tayari.

5. Hadi hapo, tafadhali usitangaze ndoa yetu.

Nisalimie Mama Mchungaji, Mama Jentrix na akina mama wote wa maombi. Besi nao wasalimie, wakiwa wameamka.

Mimi katika imani,
Nasike

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilijipima, ili nikuambatishie mfano wa damu ya mtu safi. Vyangu ni mara nne. Sijawahi kugusa mrija, Mchungaji. Ila tangu Julai nimekuwa nikinywa mizizi ya kupunguza mwili niliyonunua sokoni Misikhu, ili gauni linitoshe. Wakoli nilimwambia ni chai.

Leo asubuhi nimemweleza yote. Akasema, "Lete mkono, nami nikupime." Tumeapa upya, wote wawili. Mizizi nimeitupa chooni, jina lako nimelifuta kwenye chupa, na Deepika, fundi wangu, ameshaliachia gauni inchi mbili kiunoni. Tangaza Jumapili hii.