Kusafishwa kwa Kreni ya Karakana Kuu

Kamati ya Usafi wa Mitambo inatangaza kwa fahari kwamba, mwaka ule wa 1993 Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, walipofukuzwa Kolwezi, jimboni Katanga, sisi hatukuishia kwa watu. Tulifukuza hata mawazo yao yaliyobaki ndani ya mashine. Mimi Banza, katibu, nilishuhudia yote.

Mawazo yaliyoshukiwa zaidi yalikuwa kwenye kreni ya karakana. Injinia Tshibola, Mkasai mzaliwa wa Manika, hapa hapa Kolwezi, ndiye aliyeprogramu kisanduku kinachoongoza mota na breki. Mkurugenzi Kitenge akaona ni aibu kreni ya Wakatanga kupokea amri za mgeni. Akaingia kwenye kikapu cha kreni, akapandishwa juu ili wafanyakazi wote wamuone, akaamuru: "Futa!"

Fundi Mukalay akafuta. Kreni ikawa safi kabisa. Breki ikakataa kufunguka, na Mkurugenzi akabaki hewani kama shati kwenye kamba.

"Ni hatua ya mpito," niliwatangazia watu, kisha nikakimbiza jipu hadi gare, kituo cha treni.

Tshibola alikuwa amekaa juu ya mafurushi, kati ya familia zilizongoja treni. Mumewe, Kankolongo, alikuwa amelala kando yake na homa.

"Mama Ingénieur, kuya umushushe Tata Directeur."

"Mi mugeni, Tata Banza. Mulisema mikono yangu inachafula masini."

"Mukalay anataka kufungula breki na nguvu."

Akaruka. "Apana! Motere ishike muzigo kwanza, njo breki ifunguke. Bila ile, ataanguka sawa jiwe."

Akamtazama mumewe. Treni ingeweza kufika wakati wowote.

"Enda," Kankolongo akasema. "Hata yeye iko na batoto."

Karakanani aliprogramu upya, akaweka kidole kwenye kitufe, akainua uso.

"Tata Directeur, mi mutu wa wapi?"

"Wa hapa!"

"Na bwana yangu?"

"Wa hapa!"

"Na bale bote ba ku gare?"

Mkurugenzi akachungulia chini. Sakafu ilikuwa mbali.

"Bote! Bote ba hapa!"

Wafanyakazi hawakungoja ufafanuzi. Waliwasha malori, wakaondoka kwenda gare kuwarudisha watu. Tshibola akamshusha polepole, kikapu hakikutikisika.

Alipokanyaga chini, Mkurugenzi alinieleza kwamba kauli ya hewani haina nguvu kisheria. Niliafiki. Tukafunga geti la kambi ya wafanyakazi, ambako Wakasai walikuwa wamefukuzwa, tukasimama mbele yake kuyarudisha malori.

Lori la kwanza likafika. Karibu na dereva alikaa Mama Mado, mke wa Mkurugenzi, amemkumbatia mama yake mzazi, bibi wa Kikasai ambaye Kamati ilikuwa imempeleka gare pamoja na wengine.

"Kitenge," alisema kwa upole, "fungula mulango. Batu ba hapa banarudia kwabo."

Mkurugenzi alifungua geti kwa mikono yake mwenyewe.