Mabomba ya Siku Moja

Jumatatu, 21 Oktoba
Msimu umekwisha. Mzee Arvid, mkuu wa uwanja wetu wa gofu kwa miaka thelathini na mmoja, anastaafu Ijumaa. Kiti chake ni changu au cha mfanyakazi mwenzangu, Lorna Beaulieu. Yaani changu. Nimepewa kazi ya kupuliza maji yatoke kwenye mabomba ya kumwagilia kabla Minnesota haijaganda, maana maji yakigandia ndani huyapasua. Arvid anasema niende na kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, shimo baada ya shimo, yote kumi na manane, kisha nirudie mara mbili. Siku tatu! Ndiyo maana amezeeka.

Jumanne, 22 Oktoba
Nimemaliza. Siku moja, mzunguko mmoja. Saa tisa nilikuwa nakunywa kahawa mahali ambapo Mama Nyquist, mwenyekiti wa kamati inayomchagua mkuu, asingeweza kukosa kuniona. Akasema hajawahi kuona kasi kama hiyo. Lorna akauliza kama najua kwamba maji yanayobaki hujikusanya bondeni, shimo la saba. Wivu, mchana kweupe.

Jumatano, 23 Oktoba
Lorna anapiga dawa ya ukungu kwenye nyasi fupi za kila shimo, kisha anazifunika kwa turubai. Mwendo wa kobe. Nikawahi asubuhi, nikamfunikia mashimo manne ili kamati ijue mchapakazi ni nani. Vigingi mia mbili vya turubai! Kumbe dawa ilikuwa bado. Arvid ameniamuru nifunue yote, peke yangu. Mgongo umeninunia.

Alhamisi, 24 Oktoba
Usiku ardhi iliganda. Shimo la saba, valvu ya bomba imepasuka, barafu inachungulia. Nikaifukia kwa majani makavu. Lorna akayafukua, watu wengine hawana adabu. Akasema mchana kutakuwa na jua, kompresa bado ipo, tukipuliza tena sisi wawili tutaokoa mabomba mengine. Hatamwambia mtu.

Niliogopa, naandika ukweli. Nusura nikubali. Lakini kompresa ile inasikika hadi ofisini, na kesho ndiyo Ijumaa. Nikamwambia mabomba yangu ni makavu kama biskuti. Saa sita nikairudisha kompresa kwa waliotukodisha.

Ijumaa, 25 Oktoba
Nimechaguliwa! Mama Nyquist ametaja kasi yangu mara tatu. Arvid amenikabidhi funguo akinitazama kama anayemuaga mgonjwa. Lorna akanipa mkono.

“Hongera, bosi. Mwezi wa tano theluji ikiyeyuka, si unajua mkuu ndiye anayefungua maji mbele ya wanachama wote? Nitakuja na mwavuli.”

Nikamjibu kwamba aje na kiti pia, ashuhudie kazi safi. Usiku sikula.

Jumamosi, 26 Oktoba
Theluji ya kwanza. Uwanja mweupe, hakuna ufa hata mmoja unaoonekana. Nani alisema mimi si fundi?

Nilipopita shimo la tisa nikasikia kitu chini ya ardhi: ta! Mbele kidogo, ta! nyingine. Nilihesabu milio hadi kumi na moja, nikaacha, nikaenda zangu kuoga sauna, kile chumba cha mvuke. Huko ndiko akili hunijia. Mwakani nitamaliza mabomba yote kabla ya kahawa ya saa nne.

Na Lorna asijione mjanja peke yake. Jioni nimepita dukani nikanunua mwavuli, mkubwa kuliko wake.