Maharage Hayamo Kwenye Simu

Gazeti lilikuwa la juzi, lakini Breki alilisoma kama mambo yametokea asubuhi ile. Aliendesha lori miaka thelathini, na mpaka leo akiongea husimama ghafla katikati ya sentensi, watu wote wakayumba mbele.

"Sikilizeni, wazee. Mgahawa mmoja umeongeza mauzo maradufu bila kuongeza hata chumvi. Wamebadilisha..." Akasimama.

"Wamebadilisha nini, bwana we?" Wembe kinyozi akadakia.

"Menyu."

"Menyu inaliwa?"

"Tulia nisome. Vyakula wamevipunguza, maana mteja akiona vingi anachanganyikiwa, anaishia kuagiza chai. Kile wanachotaka kiuzwe wamekiweka juu kulia, ndani ya boksi, na jina refu. Bei wameificha. Na kuagiza ni kwa simu, hakuna kumwita mtu."

"Sasa mtu na akili zake anaagiza chakula bila kujua bei?" aliuliza Soli, fundi viatu, sindano ikiwa mdomoni.

"Ndiyo maana mauzo yamepanda."

Benchi lao liko chini ya dirisha la jiko la Mama Mwiko, na ndani ya dirisha Mama Mwiko alikuwa anamenya vitunguu. Wazee walicheka, yeye hakucheka. Habari ile ilimfikia binti yake wa mwisho kabla haijamfikia Breki. Binti ana kazi ya ofisini na kodi ya chumba cha jiko analipa yeye. Jana alikuja na vikaratasi vya madoadoa, vile unavyovielekezea simu menyu ikafunguka, akabandika kila meza, hata benchi la nje akalibandika. Kisha akasema kwa adabu zote alizofundishwa: "Mama, nakupa wiki moja. Mauzo yasipopanda, tunafunga jiko, unakuja kupumzika kwangu."

Kupumzika! Mwanamke aliyesimama mbele ya moto tangu binti huyo yuko mgongoni, leo akae kwenye kochi la watu kuangalia pazia.

"Jamani," alisema kupitia dirishani, "hicho mnachokisoma kimeshafika. Mmekikalia."

Soli akanyanyuka kidogo, akatazama alipokaa. Kweli, kilikuwa pale. Mama Mwiko akawaeleza yote, mpaka la kochi.

"Basi tuagize," alisema Soli. "Mimi wali maharage, kama siku zote."

"Kwa simu, fundi. Nikipokea maneno ya mdomo, kule ofisini kwa binti hayaonekani."

Soli akaelekeza simu kwenye madoadoa, akaisogeza mbali na macho, akaisoma kama mtu anayesoma hukumu yake.

"Kuku Aliyetulia Kwenye Mchuzi wa Kumbukumbu. Huyu ni nani?"

"Ni yule kuku wangu wa siku zote."

"Ametulia vipi?"

"Kuku amechinjwa, Soli," alisema Wembe. "Unataka arukeruke?"

"Maharage siyaoni."

"Hayamo," alisema Mama Mwiko. "Binti kayatoa. Anasema hayapigi picha vizuri."

"Lakini sufuria ile pale inachemka, nayaona!"

"Hata mimi nayaona, baba. Nimeyapika kwa mazoea, mkono haujui habari za menyu. Lakini kwenye simu hayamo."

Walikaa wakitazama sufuria. Mvuke ulitoka dirishani, ukawapita puani mmoja mmoja, kama mgeni anayesalimia.

Aliyegundua njia ni Wembe. Alikuwa anateremsha menyu kwa kidole gumba, anateremsha tu, mpaka akafika mwisho kabisa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Huku chini kuna nafasi ya kumwandikia mpishi. Soli, agiza huyo kuku, halafu andika: toa kuku, weka maharage."

Soli akaandika. Jikoni simu ikalia. Mama Mwiko akasoma, akapakua, akapitisha sahani dirishani. Soli akala kijiko kimoja, ndipo bei ikatokea kwenye simu.

"Mama Mwiko! Hii ni bei ya kuku!"

"Umeagiza kuku."

"Gazeti linasema bei ikifichwa mteja hashtuki," alisema Breki.

"Sijashtuka. Nimeumia." Akamalizia sahani, akailamba. "Lakini ukipelekwa kwenye kochi, mimi mchana nitakula wapi? Kesho nitaagiza tena."

Na kesho yake aliagiza. Wembe na Breki wakafuata, wateja wa Wembe wakasikia wakiwa kwenye kiti, na kwa kuwa mtu mwenye wembe shingoni habishiwi, wakaja nao. Kufikia Alhamisi simu ya jikoni ilikuwa inalia kama mtoto anayeota meno, na kila ujumbe ni ule ule: toa kuku, weka maharage. Ofisini maneno ya chini hayafiki. Kule linafika jina la chakula tu.

Jumamosi binti akaja. Alipita benchini akawaamkia wazee, akaingia jikoni, akamkumbatia mama yake na vitunguu vyake.

"Mama, Kuku Aliyetulia ameuzwa kuliko vyote! Lile boksi limefanya kazi. Hapa hutoki mpaka uchoke mwenyewe."

Mama Mwiko alikalia ndoo. Miguu ilikuwa imekumbuka ghafla kuwa ina miaka sitini. Nje, Breki alikunja gazeti kwa heshima, kama linavyostahili.

"Jumatatu wanaletwa kuku hamsini," binti aliendelea. "Na hili gunia la maharage naliondoa, linakula nafasi bure. Wiki nzima hajayaagiza mtu."

Mama Mwiko aliwaza kusema kweli, kisha akaliona lile kochi.

"Liache hapo, mwanangu. Bila maharage kuku wangu hatulii."

Binti akatoa simu, akaandika jambo hilo taratibu, akaaga kwa furaha.

Alipopinda kona, Wembe akavuta pumzi. "Hao kuku hamsini wataliwa na nani?"

"Na nyinyi," alisema Mama Mwiko. "Siwezi kuwatupa. Kuanzia Jumatatu, anayeagiza kuku anapewa kuku."

Soli akasimama, akakung'uta vumbi la soli kwenye magoti, uso umemwiva.

"Yaani nilipe pesa ya kuku, halafu nile kuku?"

"Ndiyo."

"Wazee, twendeni zetu. Huyu sasa ameanza kutuibia."