Daftari la Sayrakül na Neno Kurultai

Jumatatu, 14 Oktoba 2019

Kwako mke wangu Sayrakül,

Nina hasira! Ijumaa kijiji kina kurultai, mkutano wetu mkuu, na mwalimu mkuu Toktosun ndiye atakayeifungua. Ataeleza neno hilo lilikotoka. Kwa daftari lako! Nilimwazima mimi mwenyewe siku ya arobaini yako, nikilia. Uliliandika miaka kumi na moja: Wakazaki wanasema kuryltai, Watatari koryltai, Wamongolia bunge lao ni hural. Shina ni la Kimongolia, kukusanyika. Penseli ulikuwa ukiichomeka kwenye kilemba, kisha unaitafuta nyumba nzima.

Nimemwambia alitaje jina lako. Kanijibu kwamba kurultai si matanga. Mshenzi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepata mpango. Nimechinja kondoo, nimewaalika wazee kesho. Kila mtu na mfupa wa cheo chake: wa nyonga kwa mkubwa wao, wa mkia kwa mabibi vikongwe. Toktosun atakula mkia. Mbele ya watu!

Jumatano, 16 Oktoba

Balaa. Sahani ulikuwa ukizipanga wewe. Mimi nilizifunika zote kwa vitambaa vya rangi moja, basi, nikapoteza ipi ni ya nani. Mkia ukamwangukia Mzee Asanaly, mwenyekiti wa kijiji. Nyonga ikaenda kwa Toktosun! Akaipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu. Asanaly aliuliza amegeuka bibi tangu lini. Mmoja akamwambia, "Bibi, sogea huku kwa wanawake wenzio." Kaondoka bila kuonja.

Alhamisi, 17 Oktoba

Asanaly amenifuta kwenye orodha ya wasemaji. Nilikuwa wa tisa. Dada yako Burul kaja na mkate. Ati, "Shemeji, kesho nyamaza. Mara moja tu katika maisha yako." Ninyamaze! Jina lako nani atalitaja?

Ijumaa, 18 Oktoba

Alisoma vizuri, mbwa yule. Wakazaki, Watatari, Wamongolia, maneno yako yote, hata pale unapouliza kama neno husafiri na farasi au na wanawake wanaoolewa mbali. Watu walicheka palepale ulipotaka wacheke. Nikavumilia hadi ukurasa wa mwisho. Kisha nikapanda juu ya kiti. Nilimwita mwizi mara nne na punda mara moja. Ukumbi ukalipuka: "Shuka, mzee! Utavunjika kiuno!" Asanaly akafunga kikao.

Mlangoni Toktosun alinionyesha karatasi yake. Mstari uliobaki kusomwa: "Kazi hii yote ni ya marehemu Sayrakül. Tusimame tumkumbuke."

Nilisema ameuandika sasa hivi. Nikausugua kwa kidole. Wino ulikuwa mkavu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Burul hasemi nami. Nimefikiri asubuhi nzima, kosa langu nimeliona: nilichelewa. Mwakani nitaanza kupiga kelele kabla hajafungua mdomo.

Nimekaa upande wako wa jiko. Pana joto.

Nikumbuke, Sayrakül.