Saa Yenye Sita Juu

Leo nimeaibika mchana kweupe, Kariakoo, mbele ya watu na masufuria. Naandika mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana waliokuwepo walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na simu mkononi.

Mnaonijua mnajua nauza mapazia. Mnajua pia nayauzia chumbani kwangu: mteja anakaa kitandani, mimi napanda juu ya stuli kumwonyesha yanavyoning'inia. Muda mrefu nimekuwa natafuta fremu, chumba cha duka, Kariakoo. Fremu za Kariakoo hazitafutwi, zinarithiwa. Kwa hiyo niliposikia wiki iliyopita kwamba Baba Rose ana fremu inayobaki wazi, usingizi ulikata.

Baba Rose ni Mchaga mtu mzima, ana duka la jumla na fremu kadhaa za kupangisha. Maneno yake ni machache na ugonjwa wake ni muda. Inasemekana mpangaji aliyetoka alikuwa analipa kodi vizuri tu, tatizo alikuwa anafungua duka saa nne. Siku niliyoenda kumwona mara ya kwanza nilichelewa kidogo (kidogo yangu, si kidogo yake). Akaniuliza ni saa ngapi. Nikaanza kuchakura mkoba kutafuta simu. Akanitazama mpaka nikaipata.

"Mama mapazia," akasema, "mtu wa biashara anavaa saa. Njoo Alhamisi, saa nane kamili mchana. Kuna mwenzio naye anaitaka hii fremu. Atakayekuwa hapa saa nane ndiye tutakayeandikishana naye mkataba."

Alhamisi ndiyo leo. Asubuhi nikaenda Posta, mjini kati, kununua saa.

Nilienda kwa Mzee Pravin, ambaye ukoo wao unauza saa tangu enzi za babu yake. Nikachagua moja ya heshima, mkanda wa ngozi, namba kumi na mbili, mishale miwili. Bei yake nzuri. Nilishafungua pochi. Ndipo nikaona dada wa saa hiyo amelala peke yake kwenye kiboksi cha mahameli.

"Hii na hiyo zina tofauti gani?"

"Mashine moja," akasema Mzee Pravin. "Mkanda mmoja, kioo kimoja. Ila hii ni toleo maalumu. Zimetengenezwa hamsini tu, zikiisha zimeisha."

"Na bei?"

Akaitaja. Karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

"Mzee, si umesema mashine moja?"

"Moja. Lakini angalia uso wake."

Nikaangalia. Sita ilikuwa juu, kumi na mbili ilikuwa chini. Pale inapokaa saba palikuwa na moja. "Hii inasoma Kiswahili," akasema. "Ikifika saa moja asubuhi, mshale unakuwa kwenye moja."

Nikaitazama tena. Tangu shule ya msingi naona saba nasema moja, naona nane nasema mbili, wala sijawahi kuuliza nani alinipa kazi hiyo. Ghafla nikahisi uchovu wa miaka yote. (Nilipoingia dukani sikuwa nimechoka.)

Nikampigia rafiki yangu Zuhura, anayeuza mitandio na ana akili.

"Inaonyesha muda vizuri kuliko ile nyingine?" akauliza.

"Hapana. Ni uleule."

"Sasa unaongeza hela ya nini?"

"Ni toleo maalumu."

"Maalumu kwa nani? Chukua ya kawaida, chenji nunua fimbo za mapazia."

Nilitaka ushauri, nimeupata, sikuupenda. Nikavaa ya kawaida mkono wa kulia na ya maalumu mkono wa kushoto, nikasimama mbele ya kioo kama askari wa barabarani. Mzee Pravin alikunywa chai yake yote. Ile ya kawaida haikuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoiponza. Ile nyingine ilikuwa na namba nyuma yake, kumi na saba kati ya hamsini. Nikawaza, mtu namba kumi na saba kati ya hamsini, Baba Rose anamnyimaje fremu? Hela ya kuongeza ilikuwa ya kuchoreshea kibao cha duka. Nikajiambia hakuna kibao bila duka, nikalipa.

Mzee Pravin akaniwekea muda sawasawa, halafu akasema kwa upole, "Dada, kaa nayo nyumbani siku mbili, uizoee kwanza."

"Mzee, Kiswahili nimezaliwa nacho," nikamjibu. "Nizoee nini?"

Akatabasamu, akaniandikia risiti.

Nikiwa naelekea kituo cha mabasi ya mwendokasi, kaka mmoja akanisimamisha. "Samahani dada, saa ngapi?" Nilikuwa nalisubiri swali hilo tangu nitoke dukani. Nikakunja mkono wa blauzi. Mshale mdogo kwenye sita, mkubwa kwenye tisa. "Saa sita kasorobo," nikamwambia.

"Afadhali, nimewahi," akasema. Akaagiza juisi ya miwa, akaanza kuinywa bila haraka. Nikaendelea na safari nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Nikashuka kituo cha Gerezani. Nikazunguka madukani kuulizia fimbo na ndoano za mapazia, kama mtu ambaye jioni atakuwa na fremu. Nilipotazama mkono, mshale mkubwa ulikuwa umesimama kwenye kumi na mbili. Saa saba kamili. Nina saa nzima. Nikaketi kwa mama ntilie, nikaagiza wali, maharage na mchicha, nikala kistaarabu. Simu ilikuwa chini ya mkoba, nimeizima sauti, kwa sababu mimi sasa ni mtu wa saa.

Saa nane kasorobo nikanyanyuka. Nikapenya kati ya mikokoteni, nikafika mbele ya fremu mshale mkubwa ukiwa umerudi kwenye kumi na mbili. Saa nane kamili, hata sekunde haijazidi. Kweli, mshale mdogo ulikuwa umeipita nane kwa mbali kidogo. Nikadhani ndivyo saa za bei zinavyokuwa.

Ndani ya fremu kulikuwa na mwanaume anapanga masufuria. Moyoni nikasema, huyu ndiye mpangaji anayetoka. Nikamwonea huruma.

"Pole na kuhama, kaka."

"Nahamia, dada," akasema.

Nikageuka. Baba Rose alikuwa amekaa kwenye benchi nje, kalamu mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama mapazia, tulisema saa ngapi?"

"Saa nane kamili."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Nikaunyanyua mkono taratibu ili kila mtu aone. "Saa nane kamili, mzee."

Msukuma mkokoteni aliyekuwa anashusha masufuria akatoa simu yake. "Saa nane na nusu, dada yangu." Mwenye duka la jirani akatoa yake, saa nane na nusu. Dada wa miamala ya simu akachungulia kibandani kwake, naye akasema hivyohivyo. Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikawaambia simu zinakosea, mtandao ukiyumba na muda unayumba, lakini saa yangu ni toleo maalumu, zipo hamsini tu. Kwa maneno mengine, niliiambia Kariakoo nzima kwamba imekosea. Watu wakasogea. Mkokoteni mwingine ukasimama.

Baba Rose akavaa miwani, akaushika mkono wangu. Akaugeuza. Akainamisha kichwa chake upande.

"Hii sita inafanya nini juu?"

Nikamweleza kwa fahari. Saa moja ni moja, saa mbili ni mbili, hakuna kutafsiri. Akaitikia kwa kichwa kila neno, na mimi nikaona fremu inarudi.

"Vizuri," akasema. "Na robo iko wapi?"

"Kwenye tatu, mzee. Kama saa zote."

"Tatu iko wapi?"

Nikatazama. Tatu ilikuwa kushoto, pale inapokaa tisa siku zote.

"Na kamili?"

"Kwenye kumi na..." Kumi na mbili ilikuwa chini kabisa, mahali pa nusu. Aliyegeuza namba za saa alikuwa amezigeuza na za dakika. Mchana kutwa nilikuwa nasoma nusu naita kamili, nasoma na robo naita kasorobo. Nikamkumbuka yule kaka wa juisi ya miwa. Kaka, kama unasoma hapa, naomba radhi.

Nikamwuliza Baba Rose kwa sauti ndogo kama hakuweza hata kunipigia alipoona nachelewa.

"Nimekupigia," akasema Baba Rose. "Nimepiga mpaka huyu bwana akaniambia mzee, tuandikishane."

Mwenye masufuria akatoka nje. Nikamwuliza yeye ana saa gani.

"Mimi sina saa," akasema. "Niliuliza watu njiani."

Baba Rose alikuwa bado ameshika mkono wangu. "Hii umenunua bei moja na saa ya kawaida?"

"Nimeongeza, mzee."

"Na ya kawaida ilikuwa na kumi na mbili juu?"

"Ndiyo."

Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kwa hiyo umeongeza hela ili uchelewe."

Msukuma mkokoteni alikaa chini. Dada wa miamala alifunika uso kwa khanga. Mwenye masufuria ndiye pekee ambaye hakucheka, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko cha wengine wote. Nikamwambia hongera. Nikamuaga Baba Rose kwa heshima, nikaondoka upande ambao sikuwa naenda, ilimradi nisipite katikati yao. Machozi yalinitoka nilipofika Gerezani, si kwa ajili ya saa, ni kwa ajili ya ile fremu.

Jamani, msicheke. Mapazia bado nauzia chumbani, kitanda ni kilekile. Njooni muda wowote mnaotaka, ila muda wenyewe muuangalie kabla hamjafika kwangu.