Mkutano wa Wazazi Nikiwa Nimening'inia

Leo nimeaibika nikiwa hewani. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, kwa sababu nusu ya mtaa wetu wa Fedha tayari wanajua.

Vijana wa kanisa letu wanataka kwenda Machakos wikendi, wapande miamba na kulala kwenye mahema. Wazo lilikuwa langu. (Shule niliiachia kidato cha pili, lakini jambo likinishika silali. Mwaka jana lilikuwa nyuki.) Sijawahi kulala kwenye hema maishani, na hii safari niliitaka kuliko chakula. Kilichobaki ni wazazi kukubali. Mkutano wao ulikuwa leo alasiri, uani kwa Mama Achieng, mwenyekiti wao.

Kikwazo kilikuwa Mzee Wafula, baba yake Sharon. Alikuwa ameshasema binti yake hatafungwa kamba kama mbuzi. Na Wafula akikataa, wengine humfuata.

Nikaamua nimwonyeshe kwa macho. Sokoni Gikomba nilikuwa nimepata mkanda wa kupandia, ule unaovaliwa kiunoni na mapajani, katikati ya suruali za mitumba. Kamba nikanunua mpya. Mafundo nikajifunza kwa simu. Kabla wazazi hawajafika, nikafunga kamba kwenye nguzo za chuma za tangi la maji la pale uani na kuanza kupanda. Fundo lilikuwa tamu sana: linateleza kwenda juu, halafu linakaza, halirudi chini. Nilitaka wanikute huko nimetulia, natabasamu.

Walinikuta huko. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba bando la intaneti liliisha kabla video haijafika sehemu ya kushuka.

Mama Achieng akanitazama, akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa kabisa. (Ningesemaje, na Wafula ndiye huyo anavuta kiti?)

"Basi ngoja hapo hapo," akasema. "Maonyesho yako ni ajenda ya nne."

Mama Achieng hajawahi kuruka ajenda. Tukaanza na maombi. Aliyeomba aliwataja wagonjwa, wajane na serikali, kisha akaongeza wote walio katika hali ngumu, bila kuniangalia. Miguu ikafa ganzi. Ukaja wakati wa kujitambulisha, kila mtu jina na nyumba anayokaa. Zamu yangu ilipofika, Mama Achieng akaniambia, kwa mazoea tu, nisimame. Nikajitambulisha kwa ukuta, maana kamba ilikuwa imenigeuza. Ilikuwa ikinizungusha polepole: mara nawaona wazazi, mara naona ukuta.

Ajenda ya tatu ilikuwa mapazia ya kanisa. Sikujua watu wanaweza kuwa na maoni mengi hivyo kuhusu mapazia. Chai ikaletwa. Mama mmoja mwenye huruma akanipandishia mandazi kwa mpini wa ufagio. Nikala. (Njaa haijui aibu, na mandazi yalikuwa moto.)

Mwishowe tukafika.

"Ajenda ya nne. Haya, kijana, tuonyeshe unavyoshuka."

"Mama, kushuka sijui."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Wafula akainuka, akaja chini yangu, akanishika kiatu na kunivuta kwa nguvu, mara mbili, kama mtu anayejaribu kamba ya kuanikia nguo.

"Umekaa huko tangu tuanze?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hii kamba haijateleza hata kidogo?"

"Ingeteleza, mzee, saa hii ningekuwa nyumbani."

Akarudi kwenye kiti. Kamba ikanigeuza tena. Nikiwa naangalia ukuta nikasikia wananong'ona kwa muda, kisha Mama Achieng akasema wanaokubali wainue mikono. Nikajua hatimaye wanapigia kura kunishusha. Nikainua yote miwili.

Kumbe Wafula alikuwa ametoa hoja. Kamba iliyomshikilia mtu kama huyu mkutano mzima itamshikilia Sharon, kwa hivyo vijana waende. Ila wapate mwalimu wa kupanda anayejua pia kushuka, na huyu wa kwenye tangi abaki nyumbani.

"Imepita bila kupingwa," Mama Achieng akasema, akanishukuru kwa kuiunga mkono kwa moyo wote.

Walinitoa kwa meza na viti viwili. Baada ya maombi ya kufunga, bila shaka.

Wanaondoka Jumamosi, na Sharon ameniomba nimwazime mkanda. Anayetaka kucheka acheke leo, maana Jumamosi nimepewa kazi ya kupima mapazia, na ngazi naiogopa.